Joistiki ya ndege imechoka: namna ya kuchagua nyingine ukiwa Kisumu, Nakuru au kwingineko magharibi mwa Kenya

Joistiki ya kurushia ndege kwenye kompyuta haifi kwa siku moja. Huanza kwa ndege kulalia kushoto hata mkono ukiwa umetulia. Halafu pua inarukaruka wakati wa kutua, halafu kifyatulio kinapiga mara mbili ilhali umekibonyeza mara moja. Mwenyewe hukimbilia dukani, akahesabu vitufe na kutazama taa, akarudi na fimbo ambayo baada ya muda inashikwa na ugonjwa uleule. Kinachokufa kwa kawaida ni kitovu: zile sehemu zilizo chini ya mpini, zinazoirudisha fimbo katikati na kuiambia kompyuta imelala kiasi gani. Hicho ndicho unachonunua. Vitufe vinakuja navyo tu.

Kwanza hakikisha imekufa kweli

Chomoa joistiki, ichomeke kwenye tundu jingine la USB. Kama kompyuta ni ya mezani, tumia tundu la nyuma. Matundu ya mbele huunganishwa na ubao mama kwa waya wa ndani, na kwenye mashine nyingi za ex-UK yamelegea kwa kuchomekwa flashi miaka na miaka. Kama ulikuwa unatumia waya wa kurefushia, uondoe; kebo ya USB 2.0 haitakiwi kuzidi mita 5, na nyaya za bei ya chini huanza kusumbua kabla ya hapo.

Sasa soma namba. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, kisha Enter. Chagua joistiki yako, bonyeza Properties. Ukurasa wa Test una msalaba mdogo ndani ya mraba: huo ndio mwendo wa mpini. Nenda ukurasa wa Settings, bonyeza Reset to default, kisha Calibrate, na ukiwa humo ndani weka alama kwenye Display raw data. Hapo namba zinaonekana bila kupambwa. Mtumiaji wa Linux aweke programu ya evtest, aandike sudo evtest, kisha achague joistiki yake.

Joistiki ya biti 10 hugawa mwendo wa mpini katika hatua 1,024, kwa hiyo ikitulia katikati inapaswa kusoma karibu 512. Ya biti 14 ina hatua 16,384, na katikati yake ni 8,192 hivi. Achia mpini, usiguse meza, tazama namba kwa nusu dakika. Kwenye fimbo ya biti 10, kucheza kwa hatua mbili tatu si kitu. Ikiruka hatua 30 au 50 bila kuguswa, kihisi, yaani sehemu inayosoma mwendo wa mpini, kimelika au kimeingia vumbi. Namba ikitulia vizuri lakini mahali pasipo katikati, tuseme 560, hiyo si sababu ya kununua nyingine: pima upya kwa Calibrate na uendelee kuruka.

Mhimili, yaani mwelekeo mmoja wa mwendo kama kulia-kushoto, ukikwama upande mmoja kabisa, fikiria waya kabla ya kufikiria kihisi. Potensiometa, kihisi cha kusugua kilicho ndani ya joistiki nyingi, ina miguu mitatu: wa kwanza volti, wa tatu ardhi, wa katikati ndio unaopeleka jibu. Waya wa ardhi au wa volti ukikatika, namba hugandia mwisho wa kipimo. Ukikatika wa katikati, namba huelea ovyo, hata kusogeza kidole karibu yake kunaibadilisha. Waya unaokatika mara nyingi ni ule unaopanda ndani ya mpini kwenye joistiki zinazosokotwa, kwa sababu kila ukigeuza usukani wa mkia waya nao unapindwa palepale. Fundi yeyote wa simu mwenye mkono mzuri wa lehemu anaweza kuuunga, mradi umwachie urefu wa ziada wa sentimita mbili ili usivutwe tena.

Kama kompyuta inalia ule mlio wa kuchomoka na kuchomeka katikati ya safari, pinda kebo polepole pale inapoingia kwenye kitako. Mlio ukirudi, kebo imevunjika ndani. Inakatwa pale, inaungwa upya. Kwa kawaida nyekundu ni volti 5, nyeusi ni ardhi, kijani na nyeupe ni data, lakini usiamini rangi pekee, pima kwa mita kwanza. Kabla ya kumlipa fundi, zima pia kipengele cha Windows kinachoitwa USB selective suspend, kilicho ndani ya mipangilio ya umeme. Hicho huilaza joistiki ili kuokoa nguvu, na kwenye laptopu dalili yake inafanana kabisa na kebo mbovu.

Kifyatulio kinachopiga mara mbili ni swichi ndogo iliyochoka. Kwenye joistiki nyingi ni aina ileile iliyo ndani ya panya wa kompyuta, yenye miguu mitatu, na vile vitufe vidogo vya mraba huwa vya milimita 6 kwa 6, vinavyopatikana kwa mafundi wa redio na rimoti. Panya mmoja aliyekufa ana swichi mbili au tatu nzima. Toa ile ya kitufe cha kulia. Ya kushoto imebonyezwa mno.

Kusafisha kunastahili jaribio moja. Nunua kontakti klina ya kopo, ile inayokauka bila kuacha mafuta. Fungua kitako kwa bisibisi ya nyota, puliza kidogo kwenye upenyo wa potensiometa, zungusha mpini mwisho hadi mwisho mara 30, subiri robo saa, funga. WD-40 ya kawaida haifai hapa: inaacha mafuta, mafuta yanashika vumbi, na baada ya wiki chache hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Namba zikitulia, una muda wa kutafuta mpya bila haraka. Zikirudi kuruka baada ya siku chache, njia ya kaboni ndani imelika na hakuna dawa ya kopo itakayoirudisha.

Je, ubadilishe potensiometa yenyewe? Inawezekana, ila kuna mtego. Fundi atakuletea iliyoandikwa B10K, kilo-omu 10, na herufi B ni sahihi kwa sababu mwendo wake ni sawasawa. Ya A ni ya sauti na itaifanya ndege iwe nzito upande mmoja na kali upande mwingine. Lakini potensiometa ya redio huzunguka nyuzi 300 hivi, na mpini wa joistiki hulala labda nyuzi 20 kila upande, jumla 40. Pasipokuwa na gia katikati, utatumia sehemu moja kati ya saba na nusu ya njia yake, na zile hatua 1,024 zitabaki 136 tu. Ndege itaruka, lakini itapanda na kushuka kwa ngazi. Nyingi za joistiki huja na potensiometa maalumu ya mwendo mfupi, na hiyo haipatikani mezani pa fundi wa kawaida. Hapo ndipo kununua joistiki nyingine kunapokuwa na hesabu nzuri kuliko kutengeneza.

Unachonunua: kihisi na springi

Kuna aina mbili za kusoma mwendo wa mpini. Potensiometa ina ulimi wa chuma unaosugua njia ya kaboni. Kila ukisogeza unakwangua kidogo, na pale katikati, ambapo mkono hukaa muda mrefu, ndipo panapolika kwanza. Aina ya pili ni ya sumaku, inayoitwa Hall: sumaku ndogo husogea mbele ya chipu na hakuna kinachogusana. Haiondoi matatizo yote, maana springi na plastiki bado vinachoka, lakini ule ugonjwa wa namba kurukaruka katikati unakuwa nadra sana. Kwa sehemu zenye vumbi, na Nakuru ya kiangazi inalifahamu vumbi vizuri, sisi hatungelipa bei ya joistiki mpya ya potensiometa kama tofauti na ya sumaku ni ndogo.

Uliza kwa kila mhimili peke yake. Hapa ndipo wengi hudanganyika bila mtu kusema uongo. Thrustmaster T.16000M, kwa mfano, ina vihisi vya sumaku vya biti 14 kwa mwendo wa kulia-kushoto na mbele-nyuma, lakini usukani wa mkia, ule wa kusokota mpini, unasomwa na potensiometa ya kawaida, na ndio unaotangulia kuchoka. Kwenye boksi utaona neno Hall kubwa. La potensiometa hutaliona. Mpini wa modeli hiyo unaweza kufungwa usisokote, kwa hiyo ukifa upande huo bado una joistiki nzuri ya mihimili miwili, na usukani wa mkia unauhamishia kwenye pedali au vitufe. VKB Gladiator NXT EVO inasoma bila kugusana hata kwenye kusokota, na huja na springi za uzito tofauti unazoweza kubadilisha. Ni ghali zaidi na huenda ukalazimika kuiagiza kutoka nje. Muuzaji akishindwa kukuambia kihisi ni cha aina gani, ihesabu ni potensiometa.

Idadi ya biti ina maana, lakini si kama matangazo yanavyotaka uamini. Biti 8, yaani hatua 256, ni chache kwa mpini. Utaona ndege ikishtuka unapojaribu kuinua pua kidogo tu. Biti 10 zinatosha mtu kutua vizuri kila siku. Kutoka 12 kwenda juu, mkono wa binadamu ndio unaokuwa kikwazo. Fimbo ya biti 16 yenye kitovu kilicholegea ni mbaya kuliko ya biti 10 iliyokaza.

Sasa springi. Joistiki nyingi za bei nafuu zina springi moja kubwa inayozunguka shina la mpini na kusukuma sahani ya plastiki. Ni imara, lakini pale katikati kuna kizingiti: mpini unakataa kuondoka, halafu unaondoka ghafla. Kwa ndege za abiria hutalijali. Kwa helikopta, au kwa kujaza mafuta hewani kwenye michezo ya kivita, kizingiti hicho kitakuudhi kila dakika, kwa sababu kazi yote iko kwenye milimita mbili za katikati. Mpini wa springi mbili, moja kwa kila mhimili, huondoka katikati taratibu zaidi. Njia ya kupima bila kifaa chochote: shika juu ya mpini kwa vidole viwili na ujaribu kusogeza msalaba wa kwenye skrini kwa upana wake mmoja tu, kisha urudishe. Ukiweza mara tano mfululizo, kitovu ni kizuri.

Mihimili, mkono na meza

Idadi ya chini ni mihimili minne: kulala kulia na kushoto, pua juu na chini, usukani wa mkia, na wenzo wa nguvu za injini. Usipokuwa na pedali, usinunue joistiki isiyosokota. Thrustmaster Warthog, iliyonakiliwa kutoka ndege ya A-10C, ni ya chuma na inavutia sana machoni, lakini mpini wake hausokoti. Mwenye nayo asiye na pedali hutua penye upepo wa ubavuni kwa kubahatisha.

Mkono wa kushoto? Logitech Extreme 3D Pro imechongwa kwa kiganja cha kulia tu. T.16000M inageuzwa kwa kubadilisha vipande vya mpini kwa bisibisi. Gladiator huuzwa ya kulia na ya kushoto, kwa hiyo hakikisha ni ya mkono upi kabla ya kulipa. Kama mchezaji ni mtoto, angalia kama kidole gumba kinafika kwenye kofia, kile kitufe cha juu ya mpini kinachosukumwa pande nne, bila kiganja kuachia mpini. Kofia ndiyo inayogeuza macho ya rubani, na isipofikika mtoto ataacha mpini kila anapotaka kutazama bawa.

Meza inasahaulika. Joistiki nyepesi ya springi ngumu huinuka kisigino kila ukivuta, na unaanza kuishikilia kwa mkono wa pili, mkono ambao ulikuwa wa injini. Vibonye vya kunyonya vilivyo chini ya kitako hushika kioo na fomaika, havishiki mbao iliyokwaruzika wala kitambaa cha meza. Dawa ni kipande cha plaiwudi cha milimita 12, karibu sentimita 30 kwa 40, ambacho fundi seremala wa mtaani atakukatia kwenye mabaki. Kama kitako kina matundu ya skrubu, kifunge. Kama hakina, tumia tepu ya velkro ya upana wa sentimita 5. Ubao huo unaweza pia kukaliwa, sehemu yake ya mbele ikatokeza katikati ya mapaja, na mpini ukakaa pale unapokaa kwenye ndege nyingi za kivita.

Kuhusu michezo yenyewe tutasema kidogo. Kwa Microsoft Flight Simulator, X-Plane au FlightGear, ambayo ni ya bure, joistiki moja yenye wenzo kwenye kitako inatosha. Kwa michezo ya kivita kama DCS World, IL-2 na War Thunder utataka kofia angalau moja, vitufe sita ambavyo gumba na kidole cha shahada vinavifikia, na wenzo wa injini uliojitenga na mpini. Familia ya T.Flight Hotas huja na vipande hivyo viwili kwa bei ya wastani, ila mpini wake ni wa potensiometa. Hotas 4 na Hotas One zilitengenezwa kwa ajili ya PlayStation 4 na Xbox mtawalia, na zote mbili zina swichi ya kuzihamishia kwenye kompyuta. Mnunuzi anayeona joistiki “haisomi” akiwa dukani aangalie swichi hiyo kwanza.

Dukani na mtandaoni

Maduka ya kompyuta ya Oginga Odinga Street mjini Kisumu, na ya Kenyatta Avenue mjini Nakuru, ukitaja joistiki mara nyingi utaonyeshwa pedi ya PlayStation. Sema wazi: “Boss, uko na joistiki ya ndege, ile ya fimbo moja? Sitaki pedi.” Au onyesha picha kwenye simu. Mtandaoni kuna mtego mwingine: joistiki za michezo ya kupigana, zenye fimbo fupi yenye kibonge cha duara juu. Hizo ni swichi nne tu ndani. Msalaba wake kwenye skrini huruka kutoka katikati hadi ukingoni bila kupita popote, na huwezi kurusha ndege nazo. Kimuundo, ni sawa na kuendesha gari ambalo usukani wake una kulia kabisa, kushoto kabisa, basi.

Zilizotumika ni soko zuri ukijua kukagua. Ukikuta plagi pana ya pini 15 badala ya USB, rudisha mezani. Hiyo ni ya enzi za gameport, tundu la joistiki la kabla ya USB, Windows iliacha kuihudumia tangu Vista, na vibadilishi vya bei nafuu haviwezi kusoma fimbo za kidijitali za wakati ule. Zile za kale zenye mota za kutikisa mpini mara nyingine huchomekwa pia ukutani. Iliyotoka Marekani imeundwa kwa volti 120 na soketi zetu ni 240. Soma kibandiko cha chini kabla ya kuwasha.

Nenda na laptopu, au simu ya Android yenye waya wa OTG, ule unaoipa simu tundu la USB. Simu nyingi huisomea joistiki kwenye kivinjari kupitia tovuti za kupimia pedi. Ukiwa kaunta, fanya hivi:

1. Geuza joistiki juu chini na uitikise. Kitu kikigongagonga ndani, kuna skrubu iliyoachia au plastiki ya kitovu imepasuka.
2. Tazama vichwa vya skrubu. Vikiwa vimechakaa, imefunguliwa. Si dhambi, lakini uliza kilichotengenezwa.
3. Sukuma mpini mbele, uachie. Nyuma, kulia, kushoto, vivyo hivyo. Andika namba inayotulia kila mara. Kwenye biti 10, tofauti ya zaidi ya hatua 15 kati ya pande mbili inamaanisha kitovu kimelegea, na kupima upya hakutibu.
4. Peleka mpini kutoka ukingo hadi ukingo kwa muda wa sekunde kumi. Msalaba ukiruka au kurudi nyuma mahali fulani, hapo njia imelika.
5. Zungusha mpini ukifuata ukingo wote. Mzunguko uwe laini na ufike pande zote nne.
6. Sokota mpini polepole, kisha sogeza wenzo wa injini mwisho hadi mwisho. Huu ndio mhimili unaosahaulika na ndio uliojaa vumbi.
7. Bonyeza kila kitufe mara kumi, ukitazama taa yake kwenye skrini. Kifyatulio kibonyeze mara ishirini.
8. Tikisa kebo pale inapoingia kwenye kitako.

Kinachofeli hatua ya 7 au 8 kinatengenezeka, omba punguzo. Kinachofeli ya 3 acha hapohapo hata kikiwa cha bei ya kutupa. Cha hatua ya 4 kinategemea ni mhimili upi: wenzo wa injini tunaweza kuuvumilia, mpini hapana.

Kwa mpya, huenda ukalazimika kuagiza Nairobi. Aliye Nakuru anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo akajaribu mwenyewe. Wa Kisumu, Kakamega au Busia hutumiwa kwa basi kama parseli. Mwombe muuzaji apige video ya joy.cpl ikionyesha namba zikiwa zimetulia, na nambari ya bidhaa kwenye kitako ionekane. Boksi la kiwandani litiwe ndani ya boksi jingine lenye magazeti pembeni, maana mzigo ukilaliwa na gunia la viazi mpini ndio unaobeba uzito, na plastiki ya kitovu hupasuka bila boksi kuonyesha alama kubwa. Ukilipa kwa M-Pesa, tumia namba ya till ya duka na uhifadhi ujumbe. Risiti iandikwe modeli na muda wa dhamana. Ukiagiza nje ya nchi, jumlisha usafiri kwanza, kisha VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za forodha, halafu ndipo ulinganishe na bei ya Nairobi. Joistiki ya chuma ni nzito, na usafiri unaweza kumeza tofauti yote.

Ikishafika

Chomoa ya zamani kabla ya kuchomeka mpya. Achia mpini wakati wa kuchomeka, kwa sababu baadhi ya joistiki huchukua nafasi hiyo kama katikati. Windows itaitambua yenyewe, CD haihitajiki. Modeli za sumaku zinazojipima zenyewe usizipitishe kwenye Calibrate ya Windows, tumia programu ya mtengenezaji.

Mchezo utaiona kama kifaa kigeni. Mipangilio ya zamani haihamii, na mara nyingi mchezo huweka yake ya mwanzo bila kukuuliza. Ndipo unasikia watu wakisema joistiki mpya ina kasoro: injini inazima yenyewe, pua inashuka. Mara nyingi mhimili mmoja umepewa vifaa viwili, joistiki na pedi ya Xbox iliyosahaulika kwenye tundu jingine, na vinavutana. Fungua menyu ya vidhibiti, pitia kila kifaa, futa mihimili kwenye kile usichokitumia. Wenzo wa injini ukifanya kazi kinyume, tafuta Reverse au Invert na uweke alama.

Weka pengo la katikati, lililoandikwa Dead Zone, yaani mwendo mdogo ambao mchezo unaupuuza, kwa hesabu. Tazama namba ghafi mpini ukiwa umetulia. Ikicheza hatua 6 kutoka 512, hiyo ni takriban asilimia 1.2, weka 2. Anayeweka 10 “kwa usalama” anatupa sehemu ya kumi ya mwendo, tena ile sehemu yenye thamani. Kisha lainisha mkunjo, yaani jinsi ndege inavyoujibu mwendo wa mpini. Kwenye DCS nenda Axis Tune, weka Curvature 15. Kwenye Microsoft Flight Simulator shusha Sensitivity hadi karibu hasi 30. Usiongeze zaidi kabla ya kuruka saa chache, kwa sababu mkunjo mkali hulainisha katikati na kuifanya kingo kuwa kali.

Jaribio la hewani: chukua Cessna 172, ondoka Kisumu, HKKI kwenye ramani, elekea juu ya ziwa ambako hakuna vilima vya kukusumbua. Uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ukitulia futi 6,000 una nafasi ya kutosha. Sawazisha kwa trimu, kidhibiti kinachoishikilia pua bila wewe kusukuma mpini, hadi ndege isipande wala kushuka, kisha ondoa mkono kwenye mpini kwa dakika nzima. Kulalia kushoto polepole ni tabia ya ndege yenye propela moja, si kosa la joistiki. Ikilalia kulia, au ikiyumba huku na huku, rudi kwenye namba ghafi. Geuka, uje utue ukitokea ziwani kwenye njia ya kutulia namba 06, ukiwa na kidole tayari kwenye usukani wa mkia. Kama unaweza kushika mstari wa katikati kwa misogeo midogo bila pua kupiga kichwa, umepata fimbo.

Ikiwa haitumiki, ifunike kwa kitambaa. Kando ya ziwa wale wadudu wadogo wanaofuata taa usiku hupenya kwenye mkunjo wa mpira chini ya mpini na kufia kwenye grisi. Ile ya zamani usiitupe: toa swichi, springi, kebo na skrubu zake, viweke kwenye mkebe wenye jina la modeli, na potensiometa nzima iliyobaki iandike ilikuwa ya mhimili gani.